Vipimo Vyote Safi, Tumbo Bado Linanitesa

Mpendwa Daktari,

Pokea salamu zangu kutoka Kakamega. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari ya kutwa, nina umri wa miaka 36, nimeolewa na nimejaliwa watoto wawili. Ninakuandikia kuhusu jambo ambalo sijaweza kulieleza vizuri hata kwa mume wangu, kwa sababu kila nikianza kulisimulia linaonekana dogo, ilhali ndilo linaloamua niende wapi, nivae nini na nile nini.

Yapata miaka mitatu iliyopita tulihudhuria matanga ya jamaa yetu upande wa Bungoma, na wengi wetu tuliokula pale tulirudi nyumbani tukihara na kutapika. Wenzangu walipona baada ya siku chache. Mimi pia niliacha kutapika, lakini tumbo halikurudi lilivyokuwa. Tangu wakati huo ninaumwa chini ya kitovu, mara nyingi upande wa kushoto, kwa mikazo inayokuja na kuondoka. Maumivu hupungua nikienda haja, kisha hurudi. Wiki moja ninaendesha mara tatu au nne kabla ya saa nne asubuhi, choo kikiwa laini na chenye ute. Wiki inayofuata ninafunga choo kwa siku kadhaa, na tumbo hufura hadi wanafunzi wakaanza kunong'onezana kwamba mwalimu ni mjamzito. Hali huwa mbaya zaidi asubuhi na siku za kukaribia hedhi. Usiku, nikishalala, ninalala hadi kuche bila shida.

Nimetibiwa taifodi mara nyingi mno. Kila kliniki ninayoingia ninatolewa damu na kuambiwa ni taifodi. Nikienda nyingine ninaambiwa ni ameba. Shemeji yangu ana duka la dawa, na amekuwa akinipa Flagyl kila tumbo linapochafuka. Mwaka jana nilienda hospitali moja kubwa mjini Kisumu, nikapigwa picha ya tumbo, damu na choo vikapimwa, na mwishowe nikaingizwa kamera kupitia njia ya haja kubwa. Vyote vilikuwa safi. Daktari akaandika IBS kwenye kitabu changu, akaniambia nipunguze mawazo, kisha akamwita mgonjwa mwingine. Nilitoka pale nikihisi kwamba nimeambiwa ninajifanya mgonjwa.

Kwa hofu nimeacha chakula kimoja baada ya kingine: maharagwe, maziwa, kabichi, chapati, mayai, nyama, matunda, na hata mboga za kienyeji ninazozipanda mwenyewe. Sasa ninaishi kwa wali mweupe na chai ya rangi, na viazi siku nikijipa moyo, na bado tumbo huuma. Sketi zangu zimeanza kunipwaya tangu Januari. Mama mkwe anadhani ninamdharau kwa kukataa chakula chake. Alinitafutia dawa ya miti shamba ya kusafisha tumbo, nikainywa mara moja na kuendesha hadi nikaishiwa nguvu. Juu ya hayo, jirani yetu alifariki kutokana na saratani ya utumbo, na sasa kila mkazo ninaousikia ninamkumbuka yeye.

Muhula wa tatu nitasimamia mtihani wa KCSE katika shule nyingine, ambako sijui hata choo kiko upande gani. Ninaomba unieleze: je, huu ni ugonjwa kweli au ni akili yangu? Je, yawezekana ni saratani ambayo kamera haikuiona? Nile nini? Na mtihani huo nitausimamia vipi?

Wako,
Mwalimu, Kakamega

Mwalimu mpendwa,

Nianze na jambo ulilolitaja kwa sentensi moja na kulipita, kwa kuwa kwangu mimi ndilo linalotangulia mengine yote: zile sketi zinazokupwaya. IBS, kifupi cha Kiingereza cha irritable bowel syndrome, yaani ugonjwa wa utumbo unaovurugika upesi, humtesa mtu, humvurugia safari na karamu, humlaza na hofu na kumwamsha nayo, lakini kwa kawaida haimkondeshi. Inawezekana kabisa kwamba umepungua kwa sababu unaishi kwa wali na chai ya rangi, na kwa kweli hilo ndilo ninalolidhania, ila dhana haiwezi kushika nafasi ya kipimo. Jipime uzani wiki hii, uandike, kisha urudi hospitalini ukaombe kupimwa wingi wa damu, alama za uvimbe mwilini (inflammation, si uvimbe wa saratani), sukari, tezi ya shingo na virusi vya Ukimwi. Hicho cha mwisho kisikuudhi, kwani kuhara kunakozidi mwezi mmoja ni sababu tosha ya kukifanya, kwa mtu yeyote yule. Kipo pia kipimo cha damu cha ugonjwa wa siliaki, ambao ni mwili kuidhuru ngozi ya ndani ya utumbo kila mgonjwa wake alapo ngano. Ukiambiwa ukifanye, mweleze daktari kwamba uliacha chapati zamani, maana kipimo hicho kinaweza kutoka safi kwa mtu mgonjwa ambaye hali ngano wakati huo.

Kwa wasomaji wengine wenye tumbo kama la mwalimu huyu, dalili ambazo hazipaswi kuitwa IBS kabla ya uchunguzi ni hizi: damu kwenye choo, homa, kupungukiwa na damu, kukonda bila kukusudia, uvimbe unaoshikika tumboni, kuamshwa usingizini na haja, na tumbo kuanza kubadilika baada ya umri wa miaka 50. Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo mpana naye asingoje. Jirani, Mwalimu, hahesabiki humo, hata kama kifo chake kilikuumiza. Wewe tumbo lako lilianza kukusumbua ukiwa na miaka 33, usiku unalala, na kamera imepita katika utumbo wako mpana mwaka jana tu bila kuona kitu. Uwezekano wa saratani iliyojificha humo ni mdogo sana, na IBS yenyewe haigeuki kuwa saratani, hata mtu akiishi nayo maisha yake yote.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza. Hujifanyi. Kamera huonyesha ukuta wa utumbo: vidonda, uvimbe, wekundu, mahali panapovuja damu. Haiwezi kuonyesha jinsi neva zilizomo ndani ya ukuta huo zinavyofanya kazi, na utumbo una mamilioni ya neva, ambazo huongoza mwendo wa chakula na kupeleka habari kwenye ubongo mchana na usiku. Katika IBS mambo mawili huharibika. Mwendo hupoteza mpangilio wake, ukawa wa kasi leo na wa kuburura kesho, na hiyo ndiyo sababu wiki moja unaendesha na nyingine unafunga choo. Vilevile neva huwa nyepesi mno kuhisi. Tangu miaka ya 1970 watafiti wamekuwa wakiingiza kipira kidogo katika utumbo na kukijaza hewa polepole, na wameona kwamba wengi wa wagonjwa wa IBS husikia maumivu kwa kiasi cha hewa ambacho watu wengine huona ni cha kawaida. Gesi ambayo mumeo anaipata baada ya kula githeri, na asiitambue, wewe inakukunja. Utumbo wako umekuwa kama mbwa wa boma lililowahi kuvunjwa na wezi, ambaye sasa humbwekea hata mwenye nyumba.

Na kwako wewe mwizi tunamjua, kwani umemtaja mwenyewe: yale matanga ya Bungoma. Karibu mtu mmoja kati ya kumi wanaopatwa na maambukizi ya tumbo hubaki na IBS baada ya vijidudu vyenyewe kwisha, na wanawake hubaki nayo zaidi ya wanaume. Mfano unaojulikana sana ni wa Walkerton, mji mdogo nchini Kanada, ambako mwezi wa Mei mwaka 2000 maji ya mfereji yaliingiwa na bakteria kutoka kwenye samadi na watu zaidi ya 2,000 wakaugua. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka 8. Wengi walipata IBS, na baadhi yao walikuwa nayo hata mwishoni mwa muda huo, lakini idadi yao ilikuwa imepungua sana ikilinganishwa na ile ya miaka ya mwanzo. Ninakutajia haya kwa sababu mbili: kwanza, hakuna anayeweza kusema kwamba mji mzima ulijifanya, pili, ugonjwa wa aina yako, ulioanza kwa maambukizi, una tabia ya kulegea kadiri miaka inavyopita.

Daktari wako hakukisia alipoandika IBS. Kuna vigezo viitwavyo vya Roma, ambavyo toleo lake la nne lilitoka mwaka 2016, na vinadai maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, yakiandamana na angalau mawili kati ya haya matatu: maumivu yanayohusiana na kwenda haja, mabadiliko ya idadi ya kwenda haja, na mabadiliko ya namna choo kilivyo. Dalili ziwe zimeanza miezi sita au zaidi kabla ya hapo. Barua yako inavitimiza vyote. Alichokosea, ukiniuliza mimi, ni kukutajia jina la ugonjwa bila kukueleza, kisha kukuagiza upunguze mawazo, agizo ambalo sijawahi kumwona mwalimu wa shule ya kutwa akilitekeleza.

Kuhusu taifodi sina budi kukaa kidogo, kwa sababu nchi hii inatibu taifodi nyingi ambazo hazipo. Kipimo ulichofanyiwa katika kliniki hizo, kwa kadiri ninavyoelewa kutokana na barua yako, ni kile cha Widal, kilichobuniwa na Mfaransa aliyeitwa Fernand Widal mwaka 1896. Hakitafuti bakteria wa taifodi. Hutafuta askari wa mwili waliotengenezwa kupigana naye. Mtu aliyeishi mahali penye taifodi huweza kuwa na askari hao damuni kwa miaka mingi baada ya kupona, au akawa nao kwa sababu ya chanjo, au kwa sababu ya maambukizi mengine yanayofanana. Ukimpima mtu kama huyo siku moja tu, hata akiwa mzima, karatasi inaweza kusema ana taifodi. Ugonjwa wenyewe huja na homa inayopanda na kudumu kwa siku nyingi, na kipimo cha kuutegemea ni kuotesha katika maabara bakteria waliomo katika damu. Wewe katika barua yako yote hukutaja homa hata mara moja.

Ameba nayo ina hadithi yake. Chini ya hadubini, ameba anayeleta kuhara damu hatofautiani kwa sura na ndugu yake asiye na madhara, ambaye hukaa katika matumbo ya watu wengi bila kumsumbua yeyote. Kwa hiyo mtu huambiwa ana ameba, akameza metronidazoli, ambayo ndiyo hiyo Flagyl, akapata nafuu ya siku chache kwa sababu bakteria wanaotoa gesi wamepunguzwa, kisha akarudi palepale. Kila duru ya dawa za namna hiyo huvuruga bakteria wema wanaousaidia utumbo kufanya kazi, na tumbo lililokwisha kuvurugwa mara moja halihitaji kuvurugwa tena. Mshukuru shemeji yako kwa ukarimu wake, kisha umwombe asikupe tena Flagyl pasipo kipimo cha choo kilichofanywa wakati huo na daktari aliyekuona. Ukipata homa, au damu kwenye choo, hapo mambo ni mengine na uende hospitalini siku hiyohiyo.

Tuje kwenye chakula, ambako ninaona umejiadhibu kupita kiasi. Ninataka uvirudie mara moja vyakula hivi: mayai, samaki, omena, kuku na nyama isiyo na mafuta mengi. Vyakula vya namna hii havichachuki tumboni na kutoa gesi, na mwili wako unavihitaji. Rudisha ugali, uwe wa mahindi, wa wimbi au wa mtama. Rudisha sukuma wiki, spinachi, karoti, nyanya, karanga kiasi, machungwa, papai, nanasi, na ndizi ambayo haijaiva sana. Kama umekuwa ukiumwa baada ya kula mboga za kienyeji, ninashuku maziwa yaliyotiwa ndani yake zaidi ya majani yenyewe, kwa maana huko kwenu saga na managu haviwi vitamu mpaka vitiwe maziwa.

Vyakula vinavyowasumbua sana wenye IBS ni vile vyenye sukari na wanga wa aina fulani ambao utumbo mwembamba hauwezi kuufyonza vizuri. Huvuta maji ndani ya utumbo, kisha hufika katika utumbo mpana, ambako bakteria huuchachusha na kutoa gesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, huko Melbourne nchini Australia, walivipanga vyakula hivyo katika orodha inayojulikana kwa jina la FODMAP, na ukiisoma orodha hiyo utadhani iliandikwa katika jiko la shule yenu: maharagwe na hivyo githeri, ndengu, ngano ya chapati na mandazi, vitunguu, vitunguu saumu, maziwa, embe, tikitimaji, parachichi likiliwa kwa wingi, na asali. Mpango kamili ni kuviacha vyote kwa wiki mbili hadi sita, si zaidi, kisha kuvirudisha kimoja kimoja ili mtu ajue ni kipi hasa kinachomdhuru. Watu wengi husikia ile nusu ya kwanza peke yake, wakaacha vyakula na wasivirudishe kamwe, na hapo ndipo ulipokwama wewe.

Mpango huo mzima sikupi, kwa sababu umekwisha kupungua uzani. Fanya ufupisho wake. Ukishavirudisha vyakula nilivyovitaja na tumbo likakaa kwa kiasi, jaribu vitatu ambavyo katika maisha ya Kakamega haviepukiki, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa siku tatu, ukianza na kidogo na kuongeza. Anza na maziwa. Watu wazima wengi wa Afrika hupungukiwa na kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, na yawezekana hilo ni tatizo lako la pili juu ya IBS. Maziwa mala huwa na sukari hiyo kidogo zaidi kwa kuwa bakteria wamekwisha kuila, basi huenda yakakukubali pale ambapo chai ya maziwa imekukataa. Kisha jaribu maharagwe, lakini yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, uyachemshe, na umwage maji ya kuchemshia pia, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachotoa gesi huyeyuka na kwenda na maji. Mwisho ngano. Ikiwa daktari anataka kile kipimo cha siliaki, ngano itangulie mbele ya vyote, na aseme yeye uile kwa muda gani kabla ya kutolewa damu.

Vitunguu nimevitenga, kwa kuwa hakuna mchuzi unaopikwa bila hivyo. Kinachodhuru katika kitunguu huyeyuka katika maji lakini hakiyeyuki katika mafuta. Kaanga kitunguu kikubwakikubwa katika mafuta, kikiiva kitoe chote, kisha ndipo utie nyanya. Ladha itabaki, na kero itakuwa imetolewa na mwiko. Majani ya kijani ya kitunguu nayo hayana shida kwa wengi.

Chai ya rangi unayoitegemea haina maziwa, lakini ina kafeini, nayo huamsha utumbo. Usipite vikombe vitatu kwa siku, soda uziache, na maji unywe ya kutosha. Kula kwa saa zinazojulikana badala ya kushinda na njaa hadi jioni, kwa sababu tumbo tupu linalojazwa ghafla hujikaza kwa nguvu zaidi. Chakula chochote kinapoingia tumboni, utumbo mpana hupata ishara ya kujikaza ili kupisha nafasi, na ishara hiyo huwa kali zaidi asubuhi; ndiyo maana unaendesha kabla ya saa nne. Huwezi kuizuia, lakini unaweza kuitangulia: amka mapema zaidi, kula kifungua kinywa ukiwa nyumbani, na ujipe muda wa kutosha chooni bila mtu kubisha mlango, kabla ya bodaboda kuja.

Weka daftari. Andika ulichokula na saa, maumivu, usingizi, siku za hedhi, na choo kilivyokuwa. Kwa hilo la mwisho madaktari hutumia chati ya Bristol yenye aina 7, kuanzia vidonge vigumu vilivyotengana hadi maji matupu. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litamfaa daktari wako kuliko barua ndefu.

Dawa zipo, ingawa hakuna hata moja inayoung'oa ugonjwa huu. Za kutuliza mikazo, kama mebeverini na haiosini, hupatikana katika maduka mengi ya dawa, na mebeverini humezwa kabla ya chakula. Mafuta ya mnanaa yaliyo ndani ya vidonge vinavyoyeyukia katika utumbo husaidia pia, ila huweza kuleta kiungulia. Kwa zile wiki za kufunga choo, tumia maganda ya ispagula, kidogo kidogo na maji mengi. Pumba za ngano ziepuke, maana huongeza gesi na maumivu, japo watu huzisifu. Miti shamba ya kusafisha tumbo usiiguse tena. Tumbo lako si chafu, na nyingi katika dawa hizo hufanya kazi kwa kuukera utumbo hadi uendeshe.

Hayo yakishindwa, daktari anaweza kukuandikia amitriptilini kwa kipimo kidogo, miligramu 10 usiku, ikipandishwa taratibu. Ni dawa ya zamani ya sonona, na mgonjwa akisoma karatasi yake hushtuka akadhani amefanywa mwenda wazimu. Kwa kipimo hicho lengo ni kutuliza neva za utumbo. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 463 wa IBS, ambapo waliopewa dawa hiyo, kati ya miligramu 10 na 30, walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hupunguza kasi ya utumbo, kwa hiyo daktari atapaswa kujua kwamba wewe pia hufunga choo.

Mawazo nayo yana nafasi yake, ingawa si ile uliyopewa. Ubongo na utumbo husemezana pande zote mbili: tumbo linalouma huleta hofu, na hofu hulikaza tumbo. Ziko tiba za mazungumzo zilizojaribiwa na kuonekana kusaidia, na ukimpata mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo, usione aibu kwenda. Asipopatikana, kutembea kwa haraka kwa nusu saa siku nne au tano kwa wiki kumewasaidia wengi, na vilevile kupumua polepole kwa tumbo, si kwa kifua, mkazo unapoanza.

Mama mkwe mpelekee mumeo. Yeye ni mwanawe, na maneno yaleyale yakitoka kinywani mwake hayatakuwa dharau. Amwambie mamaye kwamba hospitali imekupa mwiko, kisha wewe mwenyewe umwombe jambo moja tu dogo na la wazi, kama vile kukutengea mboga zako kabla hajatia maziwa. Mwenyeji akiombwa hivyo hujiona ameshirikishwa katika tiba. Mbele ya sahani yake kula kidogo, ule polepole, na kuku wake usimkatae, kwani kuku hana kosa.

Na sasa KCSE. Mtihani usipopangwa, hofu yake pekee itakutosha kuugua. Muhula ukianza tu, mwone kwa faragha atakayekuwa mkuu wa wasimamizi katika kituo chako, umwambie kwamba una ugonjwa wa tumbo uliothibitishwa hospitalini, na umwombe akupange mahali ambapo mtu anaweza kukupokea kwa dakika chache bila watahiniwa kubaki peke yao. Barua ya daktari itasaidia. Nenda kwenye shule hiyo kabla ya siku yenyewe ukaone choo kilipo. Usiku wa kuamkia mtihani kula chakula ambacho daftari lako limekwisha kukitakasa, na asubuhi usiende na njaa. Kama ni wiki ya kuendesha, loperamidi ya miligramu 2 ukiimeza asubuhi huweza kukushikilia, lakini ijaribu kwanza Jumamosi moja ukiwa nyumbani ujue tumbo lako linaipokeaje, na usiimeze kabisa katika wiki ya kufunga choo, au ukiwa na homa au damu. Hayo yote yana nafasi hadi muhula wa tatu. Uzani na vipimo vya damu ni vya wiki hii, na majibu yake yakitoka, niandikie uniambie yalivyo.